Nukta

Saa tisa usiku, Daugavpils,
nyuzi kumi na tisa chini ya sufuri.
Katika chumba kilicho chini ya maabara
mitambo inavuma kama mtu asagaye meno usingizini.
Nimevaa koti. Feni hazijali kwamba ni Januari.

Barua hazitoki.
Mia tatu na kumi na mbili zimekwama foleni:
majibu ya damu, majibu ya figo,
figo za mzee Donāts, zinazongojwa Riga
na daktari aliyepiga simu mara mbili,
na mara ya pili hakusema hata habari za jioni.

Nashuka kumbukumbu mstari kwa mstari.
Seva nazo zina adabu zake.
Ya kwetu hufika mlangoni, hupiga hodi, hutaja jina.
Ya Riga huitazama namba yake,
huingia ndani kuuliza: namba hii ni ya nani?
Na jina linalorudi silo tulilotaja.
Mlango unafungwa, kwa upole, kwa msimbo:
mia tano hamsini na nne.
Sikujui.

Siku mbili nimelaumu visivyo na hatia.
Nililaumu cheti; kilikuwa hai mpaka Machi.
Nililaumu mlango wa ishirini na tano,
nikaufunga, nikaufungua, nikaufunga.
Saa ya mtambo ilikimbia mbele sekunde nne;
nikairudisha, maana mfa maji haachi kutapatapa.
Nikazima, nikawasha. Nani hajawahi?
Nikamlaumu Arvīds.

Arvīds ndiye aliyejenga haya yote,
halafu akaenda Ayalandi kuchuma uyoga
kwa mshahara mara tatu ya huu wangu.
Aliacha daftari la kijani lenye duara la kikombe,
na ukurasa wa mwisho, kwa kalamu ya risasi:
Usiguse faili la majina kabla ya kahawa.

Niliyeligusa ni mimi. Ijumaa. Kabla ya kahawa.

Hilo sijamwambia mtu.

Serikali tatu ziliandika jina la bibi yangu.
Moja ilimwongezea herufi, moja ikamnyang'anya,
ya tatu ikamrudishia ile isiyokuwa yake.
Benki ilimkataa mbele ya pesa zake mwenyewe.
Akasaini kwa majina yote matatu, akinung'unika,
karani akachagua lililompendeza.

Saa kumi kasorobo.
Nalisoma faili kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Mstari wa kumi na saba, mwishoni,
pale panapotakiwa nukta,
pana weupe.

Jina lisilo na nukta halijui kwamba limekwisha.
Linaendelea, linaburuta mkia wa namba,
kama mgeni mlevi ambaye akishajitaja
anamtaja baba, anautaja mtaa,
anamtaja farasi wao aliyekufa,
na mwenye nyumba ameshika kitasa, anasinzia.

Naweka nukta.
Naongeza namba ya toleo (nayo niliisahau Ijumaa).
Nasubiri.
Kosa langu bado lina ruhusa ya kuishi saa nzima
katika kumbukumbu za watu wengine:
sekunde elfu tatu na mia sita,
nilizipanga mwenyewe.

Nachemsha maji. Kahawa, sasa.
Juu, tramu ya kwanza inakwaruza barafu relini.

Saa kumi na moja na dakika mbili, hodi.
Namba inaulizwa. Jina linajibu, linanyamaza.
Karibu.

Kisha zote, kwa kusukumana:
figo za Donāts, mkojo wa watu thelathini,
bei mpya ya glavu,
mwaliko wa keki ya kumuaga muuguzi Veneranda,
ambaye ameshaondoka, na keki imeshaliwa,
mimi mwenyewe nilikula vipande viwili.

Saa mbili asubuhi daktari wa Riga anapiga simu.
"Mbona mmenitumia mara tano?"
Nasema nitaangalia.